Chuo cha Ufundi si Mwisho wa Njia

Kila mwaka majina ya vijana waliochaguliwa baada ya kidato cha nne hutangazwa. Baadhi yao hupangiwa kidato cha tano. Wengine hupangiwa vyuo vya ufundi. Nyumba ya yule aliyepangiwa kidato cha tano hufurahi na kuchinja kuku. Nyumba ya yule aliyepangiwa chuo cha ufundi, mara nyingi, hunyamaza kimya.

Kwa nini hunyamaza? Wazazi wengi hudhani kwamba njia ya kwenda chuo kikuu ni moja tu, nayo ni kidato cha tano na cha sita. Wanaona kwamba mtoto aliyekwenda chuo cha ufundi amefika mwisho. Wanasema ataishia kushika spana na kupakaa grisi.

Ndugu msomaji, jambo hilo si kweli. Kijana aliyesoma ufundi wa mitambo katika chuo cha ufundi anaweza kuingia chuo kikuu. Anaweza kusoma shahada ya uhandisi mitambo. Akimaliza, shahada yake ni sawa na ya mwenzake aliyepitia kidato cha sita. Njia hiyo ipo, na inakubaliwa na taratibu za nchi yetu.

Lakini njia hiyo ina masharti. Kijana akiyajua baada ya kumaliza chuo, huwa amechelewa. Kwa hiyo ni vizuri mzazi na mtoto wayasome pamoja, kabla sanduku la safari halijafungwa.

UHANDISI MITAMBO NI KAZI GANI?

Twende kwenye mashine ya kusaga nafaka. Karibu kila kijiji kina mashine hiyo, au kiko jirani na kijiji chenye nayo. Mashine ina mota au injini. Ina mkanda, ina puli mbili, na ina kinu. Kinu huzunguka juu ya beringi.

Tuseme beringi inakufa kila baada ya majuma mawili. Mwenye mashine anamwita fundi mchundo. Fundi anafungua, anatoa beringi iliyokufa, anatia mpya. Mashine inanguruma tena. Hii ni kazi ya mikono, na ni kazi ya heshima. Bila fundi huyu tungerudi kwenye kinu cha kutwanga.

Lakini baada ya majuma mawili beringi inakufa tena. Sasa anaitwa fundi sanifu. Huyu anakuja na vipimo. Anapima kama puli mbili zimekaa katika mstari mmoja. Anapima kama mkanda umekazwa kupita kiasi. Anaona kwamba puli moja imekaa upande. Kumbe beringi haikuwa na kosa. Fundi sanifu ametafuta sababu, na ameiona.

Baadaye wanakijiji wanataka mashine kubwa zaidi, ya kusaga magunia mengi kwa siku. Hapo anatakiwa mhandisi. Mhandisi hupiga hesabu kabla chuma hakijakatwa. Mota iwe na nguvu kiasi gani? Shafti iwe na unene gani ili isipinde? Kinu kizunguke mara ngapi kwa dakika?

Tuangalie hesabu moja ndogo. Mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Puli ya mota ina upana wa milimita 150. Puli ya kinu ina upana wa milimita 75, yaani nusu yake. Kinu kitazunguka mara mbili zaidi ya mota, yaani mara 2,900 kwa dakika.

Sasa mtu mwenye haraka anaweka puli ya milimita 50 kwenye kinu. Kinu kitazunguka mara tatu ya mota, yaani mara 4,350 kwa dakika. Kama kinu hicho kilitengenezwa kwa mizunguko 3,000 tu, kinaweza kupasuka na kuua mtu. Ndiyo maana mhandisi husoma miaka mingi. Hesabu yake ikikosewa, watu huumia.

Kwa hiyo zipo ngazi tatu: fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Ngazi hizi hazishindani. Kila moja inaitegemea mwenzake. Na mtu anaweza kuzipanda, moja baada ya nyingine.

NJIA HII ILITOKA WAPI?

Zamani nchi yetu haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya uhandisi. Kuanzia 1963 hadi 1970, Tanzania, Kenya na Uganda zilishirikiana katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, udaktari ulifundishwa Makerere, na uhandisi ulifundishwa Nairobi. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo chake cha Uhandisi, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule.

Vyuo vya kufundisha mafundi sanifu navyo viliongezeka. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilianzishwa 1957. Cha Arusha kilianzishwa 1978. Cha Mbeya kilianzishwa 1986.

Vyuo hivi navyo havikukaa pale pale. Mwaka 1997 chuo cha Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia, inayojulikana kama DIT. Chuo cha Mbeya kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Kama chuo kimeweza kupanda ngazi, mwanafunzi wake atashindwaje?

Leo kijana aliyemaliza kidato cha nne husoma chuo cha ufundi kwa miaka 3. Akifaulu hupata stashahada. Stashahada hiyo ndiyo humfanya aitwe fundi sanifu. Shahada ya uhandisi mitambo katika chuo kikuu huchukua miaka 4.

SHARTI LA KWANZA: CHETI CHA KIDATO CHA NNE

Wengine hudhani kwamba ukishapata stashahada, cheti cha kidato cha nne hakina kazi tena. Hilo ni kosa kubwa. Chuo kikuu hukiuliza.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayoweka masharti ya chini ya kuingia chuo kikuu. Kwa mwenye stashahada, Tume inataka awe amefaulu masomo yasiyopungua 4 katika kidato cha nne. Alama ya D ni kufaulu. Aliyefaulu pungufu ya masomo 4, lakini ana cheti cha ufundi stadi cha daraja la 3, naye huhesabiwa. Cheti hicho ndicho wanachopata wanaosoma VETA mpaka daraja hilo.

Kwa hiyo kijana mwenye masomo 3 tu asikae akitumaini bahati. Anaweza kurudia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Afanye hivyo mapema. Tena asisahau Hisabati na Fizikia. Hayo ndiyo masomo yanayobeba ufundi wa mitambo.

SHARTI LA PILI: WASTANI WA 3.0

Hili ndilo sharti linalowakwamisha wengi. Tume inataka mwenye stashahada awe na wastani usiopungua 3.0. Vyuoni wastani huo huitwa GPA. Kijana mwenye 2.9 amefaulu stashahada yake. Anaweza kuajiriwa kama fundi sanifu. Lakini mlango wa shahada kwake umefungwa kwa tofauti ya nukta 1.

Wastani hupigwaje? Katika stashahada, alama ya A ni pointi 5. B+ ni pointi 4. B ni pointi 3. C ni pointi 2. D ni pointi 1. Kila somo lina uzito wake, nao huitwa krediti. Pointi huzidishwa kwa krediti. Kisha majumlisho yote hugawanywa kwa jumla ya krediti.

Tuchukue mfano wa masomo 4:

Hisabati: krediti 10, alama B. 10 mara 3 ni 30.
Karakana: krediti 12, alama B+. 12 mara 4 ni 48.
Uchoraji wa mashine: krediti 8, alama B. 8 mara 3 ni 24.
Mawasiliano: krediti 10, alama C. 10 mara 2 ni 20.

Jumla ya krediti ni 40. Jumla ya pointi ni 122. Gawanya 122 kwa 40. Jibu ni 3.05. Kijana huyu amevuka.

Sasa tuseme kijana huyu alizembea Hisabati kidogo, akapata C badala ya B. Hisabati itampa 20 badala ya 30. Jumla ya pointi itakuwa 112. Gawanya 112 kwa 40. Jibu ni 2.8. Hajavuka.

Ndugu msomaji, umeona? Somo moja limeshuka alama moja, na mlango umefungwa. Kijana asiseme, "Nitajitahidi mwaka wa mwisho." Msingi uliojengwa vibaya hauwezi kunyooshwa na paa. Aanze kujitahidi juma la kwanza.

Tena ajue kwamba 3.0 ni kiwango cha chini cha nchi nzima. Chuo kikuu kinaweza kutaka zaidi ya hapo. Na waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi, wenye wastani wa juu hutangulia. Mwenye akili hulenga juu ya kizingiti, wala hakilengi kizingiti chenyewe.

SHARTI LA TATU: FANI ILINGANE

Mwenye stashahada ya uhandisi mitambo huomba shahada ya uhandisi mitambo, au fani iliyo karibu nayo. Mwenye stashahada ya biashara hawezi kuruka akaingia uhandisi. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo kwa ajili ya wenye stashahada. Ndani yake kila chuo kikuu kimeandika ni stashahada zipi kinazikubali kwa kila fani. Mwongozo huo usomwe kabla ya kuchagua fani ya stashahada. Usisomwe miaka 3 baadaye.

SHARTI LA NNE: CHUO KIWE KIMESAJILIWA

Vyuo vya ufundi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kwa kifupi NACTVET. Chuo kisichosajiliwa na Baraza hutoa karatasi tu, hata kama karatasi hiyo ina muhuri mzuri. Mzazi asilipe hata shilingi moja kabla ya kuuliza: "Chuo hiki kimesajiliwa? Na fani hii, je, ina kibali?"

Kuna jambo jingine hapa. Mwenye stashahada anapoomba chuo kikuu hutakiwa kuwa na namba ya uhakiki kutoka Baraza. Namba hiyo huthibitisha kwamba stashahada yake ni ya kweli. Hutolewa kwa kutumia matokeo ambayo chuo chake kimeyapeleka Baraza. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chuoni, kijana aulize kama matokeo yake yamekwisha kupelekwa, na kama jina lake limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja ikikosewa, kijana anaweza kuzunguka ofisi hadi ofisi huku siku za kuomba zikipita.

MIAKA MINGAPI, NA FEDHA ZITATOKA WAPI?

Hebu tuhesabu. Anayepita kidato cha tano na cha sita hutumia miaka 2, kisha miaka 4 ya shahada. Jumla ni miaka 6. Anayepita chuo cha ufundi hutumia miaka 3, kisha miaka 4. Jumla ni miaka 7. Tofauti ni mwaka 1.

Kwa kawaida mwenye stashahada huanza chuo kikuu mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Asitegemee kurukishwa mwaka, mpaka chuo kikuu chenyewe kimwambie hivyo kwa maandishi.

Je, mwaka huo 1 ni hasara? Si lazima. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na kukosa chuo kikuu bado hana kazi ya mkono. Mwenye stashahada anayo kazi tayari. Anaweza kuajiriwa mwaka mmoja au miwili, akaweka akiba, kisha akaendelea. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu fedha, ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Sheria iliyoiunda ilitungwa mwaka 2004. Mwenye stashahada aliyepata nafasi ya shahada anaweza kuomba mkopo huo. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024, hata wanafunzi wa stashahada wa baadhi ya fani wameanza kukopeshwa. Masharti hutangazwa kila mwaka, na si kila anayeomba hupata.

Lakini mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kama mshahara ni shilingi 800,000 kwa mwezi, makato ni shilingi 120,000. Ni vizuri familia ijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Mwombaji wa mkopo hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Watoto wengi vijijini hawana cheti hicho. Mzazi asingoje mpaka juma la mwisho la kuomba mkopo. Akitafute mapema, mtoto akiwa bado shule.

HISABATI: MLIMA WA MWAKA WA KWANZA

Tusidanganyane. Mwenye stashahada anapofika chuo kikuu hukutana na mlima, nao ni hesabu za juu.

Wenzake waliotoka kidato cha sita wamesoma hesabu hizo kwa miaka 2. Wanajua hesabu za mabadiliko. Hizo ni hesabu za kupima kitu kinachobadilika kila nukta, kama mwendo wa lori linalopanda mlima au joto la maji yanayochemka. Mwenye stashahada amezisoma kidogo, kwa kuwa muda wake mwingi alikuwa karakana.

Lakini naye ana kitu ambacho wenzake hawana. Ameshika patasi ya chuma. Amefungua injini na kuifunga. Anajua chuma kikipata joto kinafanyaje, maana kimemwunguza. Mwalimu akichora gia ubaoni, yeye haoni mchoro tu. Anaona gia yenyewe.

Basi afanye nini? Kati ya kumaliza stashahada na kuanza chuo kikuu huwa kuna miezi kadhaa. Atafute vitabu vya hisabati vya kidato cha tano na cha sita. Asome kila siku saa 2, hata kama mchana anafanya kazi gereji. Akifika chuoni, akae na mwenzake aliyetoka kidato cha sita. Mmoja afundishe hesabu, mwingine afundishe mashine. Mkono mtupu haulambwi. Kila mmoja alete alichonacho.

WENZETU WA MAREKANI

Jambo hili haliko kwetu tu. Marekani wako vijana wengi ambao hawaanzii chuo kikuu. Huanzia chuo kidogo cha karibu na kwao, ambacho masomo yake ni ya miaka 2 na ada yake ni nafuu. Chuo kimoja cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Siku hizi vimeenea katika nchi yote.

Kijana wa huko anayetaka uhandisi mitambo husoma hesabu za juu, fizikia na kemia katika chuo hicho kidogo. Kama masomo yake yanalingana na yale ya chuo kikuu, huingia chuo kikuu akiwa karibu na mwaka wa tatu. Yasipolingana, huyarudia, na fedha yake ya kwanza huwa imepotea.

Hapo tofauti yetu na wao ni moja: kwetu kwa kawaida mtu huanza mwaka wa kwanza. Lakini fundisho ni lile lile. Msafiri huuliza kituo cha mwisho kabla ya kupanda basi. Kijana aangalie masharti ya chuo kikuu anachokitaka kwanza, kisha achague masomo ya chuo cha ufundi.

MAZUNGUMZO YA NYUMBANI

Tufikirie nyumba ya mkulima wa pamba. Binti yake amepangiwa chuo cha ufundi, fani ya mitambo. Jioni anakaa na baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wenzako wamepata kidato cha tano. Wewe wamekupeleka kwenye spana."

"Ndiyo, baba. Lakini kutoka kwenye spana ninaweza kwenda chuo kikuu."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu ametuonyesha mwongozo. Nimefaulu masomo 6 kidato cha nne. Nikipata wastani wa 3.0 na zaidi, ninaruhusiwa kuomba."

"Na usipopata hiyo 3.0?"

"Nitakuwa fundi sanifu, baba. Nitakuwa na kazi."

Baba ananyamaza kidogo. "Haya. Na mashine, mtoto wa kike ataziweza?"

"Mashine haiulizi aliyeishika ni nani, baba. Inauliza kama umefunga nati sawasawa."

"Basi nipe hiyo karatasi uliyoandika masharti. Unisomee polepole. Nataka kujua ng'ombe wangu anauzwa kwa ajili ya nini."

Neno la baba huyu ni la busara. Mzazi anayeuza ng'ombe ana haki ya kujua njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mtoto ana wajibu wa kumweleza ukweli, pamoja na sehemu zile ngumu.

BAADA YA SHAHADA

Kupata shahada si mwisho. Nchini kwetu ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwenye shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka isiyopungua 3. Baada ya hapo ndipo anapoweza kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Hata fundi sanifu naye husajiliwa katika bodi hiyo hiyo.

Sheria hii inatulinda sisi sote. Boila ya kiwanda, pampu ya maji, kinu cha pamba na lifti ya hospitali ni vitu vya kuua kama vimetengenezwa na asiyejua.

TUKUMBUKE

Kupangiwa chuo cha ufundi si kuanguka. Ni kuingia nyumba ile ile kwa mlango mwingine. Mlango huo una kufuli 4: masomo 4 ya kidato cha nne, wastani wa 3.0 au zaidi, fani inayolingana, na chuo kilichosajiliwa. Funguo zake zote hupatikana mapema, na zote ziko mikononi mwa kijana mwenyewe akisaidiwa na wazazi wake.

Wewe unayesoma makala haya, huenda una mtoto, mdogo wako au jirani anayengoja kupangiwa chuo mwaka huu. Msomee. Kama hajui kupiga hesabu ya wastani, pigeni pamoja.

MANENO YA KUJIFUNZA

Stashahada: cheti cha chuo kilicho chini ya shahada.
Shahada: cheti cha kwanza cha chuo kikuu.
Fundi mchundo: fundi wa kazi za mikono aliyefundishwa kazi yake.
Fundi sanifu: fundi mwenye stashahada, anayepima na kutafuta sababu.
Mhandisi: mtaalamu mwenye shahada, anayepiga hesabu na kubuni mitambo.
Krediti: uzito wa somo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kinu cha kusaga kinaweza kupasuka kikizunguka haraka kupita kiasi kilichotengenezewa?
2. Kijana ana krediti 40 na jumla ya pointi 118. Wastani wake ni ngapi? Je, anaweza kuomba shahada?
3. Je, katika kijiji chenu wapo watoto wasio na cheti cha kuzaliwa? Mtafanya nini kabla ya mwaka huu kwisha?
4. Baba katika mazungumzo aliuliza kama mtoto wa kike ataziweza mashine. Ninyi mngemjibu nini?